Bonde la Schröter au Mfereji wa Hadley?

Ukiwa Mbeya na darubini ndogo, anza na Bonde la Schröter. Ndio mfereji mkubwa kuliko yote iliyochimbwa na lava Mwezini: urefu wake unakaribia kilomita 160, na upana unafika hadi 10. Siku tatu hivi kabla ya mwezi mpevu, tafuta kreta (shimo la duara) angavu ya Aristarchus. Bonde liko jirani, likijinyonga kutoka penye shimo liitwalo Kichwa cha Swila. Julai, baridi ikiuma na anga likiwa kavu, ni raha tupu.

Hadley, nao mfereji wa lava Mwezini, ni mwembamba, kilomita moja na nusu tu, na unataka darubini kubwa, karibu na robo ya kwanza, Mwezi ukionekana nusu. Lakini kwa kujifunza, naupa ushindi. Mwaka 1971 wanaanga David Scott na James Irwin wa Apollo 15, safari ya Marekani ya Mwezini, walifika ukingoni, wakaona matabaka ya lava kwenye ukuta wa ng'ambo, wakarudi na mawe ya basalti (lava iliyoganda) yenye umri wa takriban miaka bilioni 3.3.

Rungwe nako Daraja la Mungu ni lava iliyoganda, ila chini yake mto Kiwira bado unachimba. Hadley haukuchimbwa na maji.