Kibo Hut nendeni, ila kampuni iliyotupeleka sisi hapana jamani

Nimejaribu kuacha hasira zipoe kwanza ndo niandike, zimekataa kupoa. Kampuni siitaji, wenyewe wakisoma watajijua, ofisi iko Moshi na kwenye matangazo yao kila mtu anacheka. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, na mpishi, ofisi wasije wakajisifia nayo.

Tulienda mimi na mdogo wangu wa kiume, mwaka jana miezi ile ya baridi. Hatukutaka kilele, tulitaka kufika Kibo Hut, pale Kilimanjaro mita 4,720 wanapopumzika watu kabla ya kuamka usiku wa manane kwenda Gilman's ukingoni mwa shimo la volkano na Uhuru kileleni kabisa, halafu sisi tugeuze. Njia ya Marangu, ile yenye mabanda ya kulala. Bei ilikuwa nzuri na kwenye karatasi walituandikia vitu vingi vizuri, kimojawapo ni kwamba kila asubuhi na jioni tutapimwa oksijeni, kile kidude cha kubana kidole. Mama alipokuwa anatuzuia tusiende ndo nilimwonyesha hiyo karatasi, nikamwambia mama tunapimwa asubuhi na jioni.

Sasa hicho kidude.

Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, tulipimwa? Hapana. Muongozaji akasema huku bado chini, mita 2,720 hata bibi kizee analala. Sawa. Kesho yake tukapanda hadi Horombo, kituo cha pili, 3,720, yaani mita elfu moja kwa siku moja, na sisi ni watu wa Dar, tumetoka usawa wa bahari juzi. Jioni mdogo wangu akaanza kusema kichwa kinagonga. Nikamwambia muongozaji kaka naomba umpime. Akatoa kidude mfukoni, akambana kidole, kimya. Akakipigapiga kwenye kiganja, kimya. Akasema betri zimekufa, hii baridi. Nikamuuliza za akiba ziko wapi. Akaniangalia hivi, akasema "dada, kula ulale, kesho atakuwa poa."

Betri zenyewe ni mbili, zile ndogo za rimoti ya tivii! Pale Marangu Mtoni tulipopita na gari kuna maduka yamepangana barabarani, gari lilisimama kabisa mpishi akanunua vitu vyake. Getini tukakaa muda mrefu mizigo inapimwa kwenye mizani, mgumu asibebe zaidi ya kilo 20, chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi, kila kitu kinakaguliwa na ni sawa kabisa kikaguliwe. Kitu cha kupima uhai wa mtu ndo hakuna aliyebonyeza hata mara moja kuona kama kinawaka.

Akasema ataazima kwa wenzake, pale Horombo kulikuwa na makundi kibao, wanaopanda na wanaoshuka. Hakuazima. Nilimwona kwa macho yangu amekaa jikoni anapiga stori.

Na programu yetu ilikuwa tulale Horombo usiku wa pili, mchana twende hadi yale mawe yenye mistari wanayoita Zebra Rocks turudi, mwili uzoee. Ndo maana siku hiyo ipo kwenye programu, unapanda juu kidogo halafu unarudi kulala chini. Asubuhi akatuambia tunaunganisha moja kwa moja kwenda Kibo, "nyie si hamwendi kileleni, kuzoea kwa nini." Nikabisha. Horombo kuna intaneti tangu 2022, nikawa nimeshasoma dalili zote za ugonjwa wa mwinuko, kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, na kwamba hata mtu mwenye nguvu na mazoezi inampata vilevile, maana vijana wenye nguvu ndo wanaokimbilia juu. Mdogo wangu anacheza mpira kila jioni. Nikamwonyesha simu. Akanijibu mbele ya watu, "usiniletee mambo ya gugo, mi huu mlima nimepanda kabla hujajua upo wapi." Wagumu wakainamisha vichwa. Msaidizi wake, kijana mpole tu, akafungua mdomo akaufunga.

Tukaenda. Na hapa lazima niseme ukweli, ile njia ni nzuri mno, hadi inaniuma kwamba niliipita nikiwa na roho juu. Ukiacha Horombo unapita ile mimea mikubwa ya ajabu yenye shina nene na kichwa cha majani, mingine inamzidi mtu mara mbili, halafu inapungua, unafika pa kuchukua maji ya mwisho, baada ya hapo maji ya mtoni hakuna tena, maji mtakayokunywa Kibo yanabebwa na wagumu kichwani kutoka chini. Mnisikie vizuri, chai ya Kibo mtu kaibebea maji. Halafu unatokea uwandani, kulia kilele cha Mawenzi kimechongoka cheusi, mbele kilele cha Kibo na barafu yake, katikati vumbi na mawe na upepo, na njia unaiona yote hadi mwisho lakini haifiki. Sijawahi kuona kitu kama kile na nimezaliwa nchi hii hii.

Pale Jiwe la Ukoyo mdogo wangu akatapika. Akatapika tena. Akakaa chini akasema dada niache hapa nilale kidogo. Muongozaji alishatangulia mbele huko, mlima mzima watu wanaambizana pole pole, yeye anatembea ka anawahi daladala. Msaidizi akamkimbilia, akarudi naye, na maneno aliyosema sitayasahau. "Anadeka huyu. Nyie Wabongo mnalipa hela ndogo mnataka kubebwa kama Wazungu. Kupimwapimwa ni mambo yao, sisi damu yetu inajua mlima."

Damu ipi? Ya mtu aliyezaliwa Temeke? Mapafu hayaangalii pasipoti! Kule juu hewa unayovuta ina nusu na kidogo tu ya oksijeni ya pwani, haijalishi umelipa kwa dola au kwa shilingi. Na shilingi yangu niliisotea.

Tukafika Kibo mdogo wangu anapepesuka, hawezi kuweka mguu mbele ya mguu. Mimi hapo nalia na sijali. Muongozaji wa kundi lingine, baba mtu mzima, akatuona tu kwa mbali akaja mwenyewe bila kuitwa. Shikamoo yangu hata hakuipokea vizuri, alishachomoa kipimo chake, kikawaka sekunde hiyo hiyo, kikasoma oksijeni asilimia sitini na kitu. Watu wazima wenye afya pale wanasoma themanini na kitu, akanielezea. Akamwambia ajifunge kamba za viatu, akaona mikono haifuati. Akageuka kwa muongozaji wetu, hakupaza sauti. "Huyu halali hapa. Anashuka sasa hivi, kabla ya chai." Akasema ikibidi kuna machela yenye tairi, ila akiweza kutembea ameshikwa ndo haraka zaidi, maana anachotaka mwili ni kushuka, dawa zinaweza kusubiri.

Walioshuka na sisi ni msaidizi na mgumu mmoja, kijana wa Rombo, ambaye alikuwa ametoka kupandisha ndoo ya maji na hajakaa hata dakika tano. Alimvalisha mdogo wangu glavu zake. Akamshika kwapani njia yote, tochi kichwani, anamwambia "kaka hatua moja, kaka nyingine." Tulipokaribia Horombo mdogo wangu akauliza kuna chai. Nilimkumbatia yule kijana pale pale gizani. Na mpishi aliyekuwa amebaki Horombo akatupikia mtori, kwenye baridi ile, saa zile, mtori wa moto.

Kwa hiyo nyota moja nafuta, naweka tatu. Watu kama hawa utawapa moja? Ndo wanaoubeba huo mlima, na hela wanayopata mnaijua.

Halafu nikakumbuka tumerudi Moshi nimeingia ofisini kwao. Bosi kanisikiliza huku anachati. Nikamaliza, akasema "lakini dada, si mmerudi salama?" Kisha akaniambia tutakupa punguzo safari ijayo. Na muongozaji amekaa nje amenuna, kisa bahasha ya asante niliwagawia wagumu mmoja mmoja mkononi, haikupitia kwake. Hakuna aliyesema pole. Sijui mnaelewa, mtu angeweza kufa kwa betri za rimoti na hakuna aliyesema pole. Moja. Inabaki moja.

Mlima wenyewe nendeni, nawaomba, na msiende kwa kuogopa. Ila mkiwa getini mizigo inapimwa, mwambie muongozaji wako toa kipimo, nibane kidole hapa hapa, nione namba. Kisipowaka msipande hata kama gari limeshaondoka. Muulizeni na za akiba ziko wapi. Siku ya kulala tena Horombo msikubali ikatwe, mmeilipia. Na mtu akianza kupepesuka anashushwa, hakuna cha tumefika mbali.

Mi narudi, nimeshaongea na yule msaidizi, amepata leseni yake mwenyewe sasa. Ofisi mmenipigia mara kadhaa mnataka nibadilishe nilichowaambia watu. Sibadilishi. Mkitaka kunipigia tena, anzeni na mdogo wangu, namba yake mnayo kwenye fomu, mwambieni pole.