Uzoefu wangu na baiskeli ya mtumba yenye gia za ndani, hapa Dodoma

Naendesha baiskeli ya mtumba ya Kijapani, zile za kikapu mbele na kava la cheni, yenye habu (kile kitovu cha gurudumu la nyuma) ya Shimano Nexus ya gia tatu. Inanitoa Nkuhungu hadi mjini kazini na kunirudisha, kiangazi na mvua. Niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa na gia za nje, na vumbi la Dodoma liliimaliza. Cheni ukiipaka oili, upepo wa Agosti unaigeuza msasa: meno yanalika, na ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni ukigongwa kidogo unapinda, gia zinaanza kuruka.

Hii haina mkono huo. Cheni imenyooka muda wote chini ya kava, na gia zimo ndani ya habu. Katikati kuna gia iliyoshikwa na ekseli, haizunguki. Pembeni yake vinazunguka vigia vidogo, na vyote vimezingirwa na duara lenye meno kwa ndani. Ukiwa namba 2, sproketi (gia ya nyuma inayovutwa na cheni) ikizunguka mara moja na tairi linazunguka mara moja. Namba 1 tairi linapata kama 0.73 ya mzunguko, ndiyo ya mlimani. Namba 3 linapata kama 1.36. Raha yake ni kubadilisha gia ukiwa umesimama kwenye taa. Ukiwa kwenye mwendo, legeza miguu kwanza, maana ukikanyaga kwa nguvu itagoma.

Kuna kipindi gia zikaanza kuteleza, nakanyaga pedali zinakwenda patupu. Fundi akaitazama akasema, "Kaka, hii habu imekwisha, tuitoe tukufungie ya kawaida." Haikuwa imekwisha hata kidogo. Waya wa gia hulegea kadiri unavyotumika, basi. Weka gia namba 2, kisha tazama kidirisha kwenye kile kiboksi kilichofungwa mwisho wa ekseli, upande wa cheni. Alama iliyo ndani inatakiwa ikae katikati ya mistari. Kama imekimbia, zungusha kirekebishio cha waya mpaka irudi, kaza nati yake, jaribu gia zote. Ni kazi ya dakika chache, na nina wasiwasi habu nyingi nzima zimeishia kwenye vyuma chakavu kwa sababu ya waya.

Kinachoudhi kweli ni pancha. Mbigili za huku hazina huruma, na kutoa tairi la nyuma ni shughuli: ufungue kiboksi, uchomoe kifimbo chembamba kilicho ndani ya ekseli (kikipotea huna gia), ufungue breki, ndipo nati mbili za spana namba 15. Mimi silitoi. Navuta tyubu upande mmoja tairi likiwa palepale, nasaka tundu, nabandika kiraka.

Tairi lenyewe likiisha, kuwa makini dukani. Yangu imeandikwa 26 x 1 3/8, na muuzaji atakupa ya 26 x 1.95 akiapa kwamba ni ileile. Haiingii. Rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 590, ya pili 559. Soma namba hizo ubavuni mwa tairi.

Kwa vilima vya kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) namba 1 ilikuwa bado nzito kwangu, nikabadilisha sproketi ya nyuma ya meno 16 nikaweka ya meno 20, na cheni ikaongezwa vipande. Gia zote zikashuka kwa asilimia 20. Kwenye lami tambarare nimepoteza mwendo, lakini sina haraka hiyo.

Kwa safari za mjini naipa nne kati ya tano. Kama kazi yako ni kubeba magunia ya mkaa au madumu ya maji, achana nayo, tafuta baiskeli ya Phoenix.