Kigoma na mtoto wa miaka miwili: Jakobsen asubuhi, Ujiji jioni, Gombe akikua

Familia nyingi zinazopanga likizo Kigoma zinaanza kwa kuulizia Gombe, hifadhi ya sokwe mtu. Mwenye mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu aiondoe Gombe kwenye mpango tangu mwanzo, na Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe mtu, vilevile. Anayeruhusiwa kuingia msituni Gombe kufuatilia sokwe mtu ni mwenye umri wa miaka 15 na kuendelea, na sababu ni nzito. Mwaka 2002 sokwe dume wa hifadhini alimnyakua mtoto wa miezi 14 aliyekuwa amebebwa, akamuua. Na sokwe nao wana cha kuogopa kwetu: maradhi ya binadamu yanawapata, na mwaka 1966 polio iliwapooza na kuwaua baadhi yao palepale Gombe. Mtoto mdogo ndiye anayeshinda na mafua mwaka mzima. Weka na safari ya boti ya kilomita 16 hivi kutoka mjini, jua la utosini kwenye mashua za abiria zinazotoka mwalo wa Kibirizi, na nyani wa ufukweni wanaopora chakula mkononi. Matokeo yake mzazi mmoja anabaki kambini na mtoto huku mwenzake akipanda mlima. Gombe itasubiri.

Pa kwenda ni ufukwe wa Jakobsen, unaoitwa pia Mwamahunga, kama kilomita 5 kusini-magharibi mwa mji, juu ya kijiji cha Katonga. Ni vighuba viwili vidogo vya mchanga chini ya mteremko wenye miti, na vibanda vya kukaa kivulini. Unaingia kwa kiingilio. Kwa mwenye mtoto, udogo wa mahali hapa ndio sifa yake kubwa: ukikaa kibandani unauona mchanga wote, kutoka miamba ya upande huu hadi ya upande ule, na mtoto hana pa kupotelea. Mialo ya wavuvi inapendeza kuitazama, lakini ina kamba, nyavu, vichwa vya samaki na injini zinazoingia na kutoka. Hapo si pa kumwachia mtoto akimbie.

Daladala za Katonga zinakufikisha kijijini, halafu kuna mwendo wa kutembea. Peke yako ni sawa. Ukiwa na mtoto, chukua bajaji mpaka mlangoni, mpatane na dereva saa ya kurudi na uondoke na namba yake ya simu, maana huko juu usitegemee bajaji ya kupita tu. Kutoka juu mpaka mchangani ni ngazi. Kigari cha mtoto kibaki hotelini. Mtoto abebwe kwa mbeleko au kanga, na mizigo yote iingie kwenye begi moja la mgongoni ili mkono mmoja ubaki huru. Mvua ikinyesha ngazi na njia za udongo huteleza, na maji ya mlimani hulichafua ziwa karibu na ufukwe kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana miezi ya Novemba hadi Aprili ina siku nyingi za kukaa ndani. Juni hadi Agosti mvua hakuna, ila upepo wa kusini huinua mawimbi yanayoweza kumwangusha mtoto hata akiwa kwenye maji ya magotini. Mei na Septemba ndiyo miezi tunayoipendekeza.

Sasa maji yenyewe. Tanganyika ni ziwa la bonde la ufa, na sehemu yake ya chini kabisa ina kina cha karibu mita 1,470. Ukingoni nako sakafu huweza kushuka ghafla: hatua chache maji yako kwenye goti, hatua mbili zaidi yako kifuani. Kabla mtoto hajalowa, mtu mzima aingie kwanza na kutembea sambamba na ufukwe, aone pale mchanga unapokatika. Kisha mmoja akae ndani ya maji, upande wa kina, mtoto awe kati yake na nchi kavu. Boya la kupuliza lenye umbo la bata ni hatari hapa: upepo ukitoka nchi kavu, unalisukuma kwenda kwenye kina haraka kuliko mzazi anavyoogelea. Jaketi la kuokoa maisha lenye mkanda wa kupita katikati ya mapaja ndilo linalomfaa, na lije kutoka nyumbani, kwa sababu saizi ya mtoto wa kilo 12 ni adimu kuipata.

Kitu kimoja cha kubeba kitakacholipa safari nzima ni bakuli pana la plastiki linalopitisha mwanga, lisilo na rangi. Maji yakiwa yametulia, litie juu ya maji karibu na jiwe la kwanza, ulikandamize kidogo mpaka maji yafike nusu ya ubavu wake, na mtoto atazame ndani. Mng'ao wa juu ya maji unapotea, na visamaki vya mawe, vyenye mistari ya samawati, njano na nyeusi, vinaonekana vikichuma mwani kwenye jiwe. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya visamaki hivyo (cichlid), na nyingi haziko kwingine kokote duniani. Mtoto wa miaka miwili hajui habari hiyo, lakini atakaa hapo dakika kumi bila kunyanyua kichwa.

Msivuke jiwe hilo la kwanza. Kwenye miamba anaishi nyoka wa majini wa jamii ya swila, mwenye sumu. Chakula chake ni samaki, na mtu akimkaribia kwa kawaida hukimbia, lakini mkono wa mtoto unaoingia kwenye mwanya wa jiwe haumpi nafasi ya kukimbia.

Kichocho kipo ziwani, hasa karibu na makazi ya watu na penye majani na maji yaliyotuama, wanakokaa konokono. Ufukwe wa mchanga mtupu wenye mawimbi, mbali na nyumba, una hatari ndogo zaidi, ila usidhani hauna kabisa. Vimelea hutoka kwa wingi kwenye konokono jua linapokuwa kali, kwa hiyo kuoga asubuhi kunapunguza hatari. Kujifuta kwa taulo haraka si kinga ya kutegemea. Mtoto akishaingia ziwani, wiki 6 hadi 8 baadaye mpelekeni akapimwe, mwambieni daktari kwamba alioga Tanganyika. Kipimo cha mapema zaidi kinaweza kukosa kitu ilhali mtoto anaumwa.

Wageni wengi wanakosea saa. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini tunatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua linachomoza na kuzama kama dakika 40 nyuma ya Dar. Utosini linafika karibu na saa saba mchana, na linazama karibu na saa moja jioni. Anayejua kuondoa mtoto juani saa sita hadi saa nane, hapa asogeze mbele: ukali unaendelea mpaka saa tisa. Fikeni Jakobsen saa mbili asubuhi, ondokeni saa tano. Na mtoto aliyezoea kulala saa moja usiku atakataa, kwa sababu dirishani bado kuna mwanga. Beba shuka zito na vibanio vya nguo, ubane juu ya pazia.

Kuhusu chumba, piga simu uulize mambo matatu. Chandarua kinafika sakafuni na kina upana wa kutosha kitanda ambacho mtoto atalala na mama? Malaria Kigoma si ya msimu mmoja, na mtoto akilala huku anagusa neti, mbu anamuuma kupitia matundu. Je, chumba kiko chini? Hoteli nyingi nzuri zimejengwa kwenye miinuko ya kutazama ziwa. Penye kibaraza, nafasi kati ya nguzo za ukingo wake isizidi sentimita 10. Na jikoni watakubali kuchemsha maji na uji saa kumi na mbili asubuhi? Jibu la "tutaona" maana yake ni hapana, beba chupa ya chai na birika dogo la umeme. Mkisharudi nyumbani, homa yoyote ndani ya wiki chache ipimwe malaria siku hiyohiyo.

Jioni moja ipeni Ujiji. Daladala za kutoka mjini ni nyingi. Makumbusho ya Livingstone, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, ni madogo na uwanja wake una miembe yenye kivuli. Mtoto anakimbia nje huku mkubwa mmoja akiingia ndani kwa zamu. Dakika 40 zinatosha. Sanamu mbili zenye ukubwa wa mtu zilizomo ndani huwaogofya baadhi ya watoto, basi usimlazimishe. Mkishuka ufukweni mtaona mafundi wakiunda boti za mbao. Panapendeza sana, lakini mavazi ya mguuni ni viatu vya kufunika vidole, kwa ajili ya misumari na vipande vya mbao mchangani.

Kwa wanaokuja kwa treni ya reli ya kati kutoka Tabora au mbali zaidi, daraja la pili la kulala lina vitanda 6 kwa chumba, na wanawake na wanaume hutenganishwa. Baba, mama na mtoto hawatalala pamoja isipokuwa familia ikinunua chumba kizima. Ulizeni hilo dirishani kabla ya kulipa.

Chakula cha mtoto hakisumbui. Kuhe, samaki wa ziwa hili, ana minofu minene na miiba mikubwa inayoonekana, kwa hiyo ndiye wa kuanzia. Mgebuka, samaki mwingine wa hapa, ni mtamu ila unahitaji mzazi mvumilivu wa kuuchambua. Dagaa wabichi wanapikwa kwa mawese kidogo, wanatolewa vichwa na kupondwa kwenye ugali laini. Wakavu, nunueni waliokaushwa kwenye chanja. Waliokaushwa chini waoshwe mara tatu, mchanga ukome kutua chini ya bakuli. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wengi hupumzika na dagaa wabichi huadimika. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi tazameni kalenda ya mwezi, mchague wiki ya giza: asubuhi sokoni kuna dagaa, na saa mbili usiku, mtoto anapogoma kulala, kutoka kibarazani anaziona taa za wavuvi zimejipanga ziwani mpaka upande wa Kongo.