Asumini safi kabisa, ila bogonvilia angalieni mizizi kabla ya kulipa

Jamani mwezi wa tatu kabla masika hayajakolea nilipita kitalu kimoja pembeni ya barabara hapa Dar nikachukua miche mitatu ya asumini, elfu 4 kila mmoja, na bogonvilia mbili za elfu 7. Asumini yaani nimeipenda mno, nilichimba shimo la futi moja na nusu nikaweka samadi iliyooza vizuri, saa hizi jioni ukifungua dirisha harufu imejaa sebule nzima na mama anatunga vikuba vyake vya maua mwenyewe, hanunui tena. Ila bogonvilia moja walioniuzia ilishakaa kwenye kiriba, kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche, siku nyingi sana, nilivyochana nikakuta mizizi imejizungusha chini kama kamba, ikadumaa weee mpaka ikafa, kurudi naambiwa nimezidisha maji. Kweli bogonvilia haitaki maji mengi, ukiimwagilia kila siku inatoa majani tu maua huyaoni, lakini pale shida ilikuwa mizizi na iliniuma. Kwahiyo geuza kiriba uangalie chini, mizizi ikiwa imeshatoboa nje acha, omba mche mdogo zaidi. Asumini nitarudi kununua kwao, bogonvilia nachagua mwenyewe.