Ofisi ya wadi yetu: nyota mbili, na moja ni ya karani

Juzi nilienda kuchukua fomu ya basari ya mtoto, jamani. Sisi tuko huku ng'ambo ya mto, soko letu huku, shule huku, hata kuzikana tunazikana huku, lakini kwa ramani ya mipaka ya 2012 tuliangukia wadi ya upande ule, sasa mvua ikinyesha daraja halipitiki nazunguka na matatu mbili ndo nifike. Nakuta benchi moja, watu kama ishirini, mzee mmoja ananiuliza "mama, wewe wa wapi?" Kwa wadi yangu mwenyewe! Karani lakini ni mtu poa, fomu ya mwisho alinitolea kwa droo yake, nyota yake nampa.

Na Katiba ya Kenya yenyewe kifungu cha 89 inasema mipaka isiangalie hesabu ya watu tu, iangalie pia historia, uchumi na utamaduni wao, na maeneo bunge yapitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12, na wadi zetu 1,450 nazo zipitiwe mara kwa mara. Toka 2012, hesabu mwenyewe. IEBC, ile tume ya uchaguzi na mipaka, wakija kuchora tena basi mkutano wa maoni waufanyie huku kwetu, chai nitapika mimi.