Safari ya pikipiki za porini nje ya nchi: uzoefu wangu na kampuni iliyoniandaa

Kampuni niliyosafiri nayo naisifu zaidi kwa kazi waliyoifanya kabla sijapanda ndege. Safari za kuongozwa porini huwa na mpangilio unaofanana: unapewa pikipiki ya enduro, yaani nyepesi ya kupita njia mbovu za porini, unamfuata kiongozi, jioni unapumzika. Maandalizi ndiyo yanayoamua kama utafurahia njia au utahesabu saa mpaka jioni ifike.

Kabla ya kupokea amana walinitumia maswali mengi. Hawakujali sana nimeendesha kwa miaka mingapi. Walitaka kujua kama naweza kuendesha kwa muda mrefu nikiwa nimesimama kwenye vikanyagio, kama nimewahi kupita kwenye mchanga mzito, na kama naweza kuinua peke yangu pikipiki ya kilo 110 iliyolala kwenye mteremko. Waliuliza hata urefu wangu, maana kiti cha pikipiki hizi kiko juu, karibu sentimita 95 kutoka ardhini. Kisha kiongozi mmoja akanipigia simu tukaongea kwa kirefu. Baada ya hapo akaniweka kundi la kati na kunipangia injini ya cc 250, akieleza kwamba kwenye njia nyembamba yenye mizizi na mawe, nguvu nyingi za injini humchosha anayeendesha kuliko kumsaidia. Alikuwa sahihi kabisa.

Ushauri wao wa mazoezi ndio ulionifaa kuliko yote. Walisisitiza miguu, kiuno na mgongo. Ukiwa umesimama, uzito wa mwili unabebwa na miguu huku magoti yakibana tangi. Mikono inaelekeza tu. Anayening'inia kwenye usukani hukakamaa misuli ya mikono hadi vidole vinashindwa kuvuta klachi, na klachi ndiyo roho ya kupanda mlima wenye mawe. Nilifanya mazoezi ya kuchuchumaa na kuinuka, baiskeli, na kuendesha polepole sana kwenye uwanja mtupu, nikizunguka umbo la nane kwa kidole kimoja au viwili kwenye klachi. Kuendesha polepole ni kugumu kuliko kukimbia, na huko porini ndiko kunakohitajika.

Kuhusu mavazi, beba yako helmeti, miwani, buti na kinga za magoti; mengine yanaweza kukodishwa. Buti mpya ni ngumu, hata gia huisikii mguuni, kwa hiyo zivae wiki kadhaa kabla. Jozi moja inakaribia kilo 4, na mashirika mengi ya ndege yana kikomo cha kilo 23 kwa begi, hivyo jaza soksi na glavu ndani ya buti. Mfuko wa maji wa mgongoni wa lita 2 au 3 usikose.

Walipopungua ni kwenye bima. Waliandika tu kwamba kila mgeni awe nayo, wakaishia hapo, na kwa mchezo huu hilo halitoshi. Bima nyingi za safari zinamlinda mtu anayeendesha pikipiki isiyozidi cc 125, na baadhi haziruhusu kabisa kutoka nje ya barabara. Uliza kwa maandishi mambo matatu: ukubwa wa injini, kuendesha nje ya lami, na gharama ya kukutoa porini kwa helikopta. Uharibifu wa pikipiki ya kukodi kwa kawaida haumo. Huo unakatwa kwenye amana, kwa hiyo jua mapema kiasi cha juu unachoweza kudaiwa. Leseni nayo ina mtego wake. Kibali cha kimataifa cha udereva chini ya mkataba wa kimataifa wa barabara wa 1949 hudumu mwaka 1, cha mkataba wa 1968 hadi miaka 3, na nchi unayokwenda inaweza kutambua kimoja tu. Hakikisha pia daraja la pikipiki limo kwenye leseni yako, maana kibali hakikuongezei daraja ambalo huna.

Tulipofika, sikuona la kulalamikia. Asubuhi walikagua cheni, spoki na breki, wakapunguza upepo wa tairi hadi psi 14 hivi ili meno yashike vizuri. Utaratibu wa njia panda walikuwa wametueleza kabla ya safari: anayemfuata kiongozi anasimama kwenye kona kuonyesha njia, anabaki hapo mpaka afike anayefunga msafara. Hakuna aliyepotea, na hakuna aliyelazimika kukimbia kupita uwezo wake ili kumwona wa mbele.

Ukitaka kulinganisha kampuni, waulize hivi kabla ya kulipa: nani anafunga msafara, amesomea huduma ya kwanza, na anabeba simu ya setilaiti? Mimi nilijibiwa yote kwa barua pepe moja, nikalipa.