MicroMasters ya uchumi ya MIT: nzuri kwa uzamili, haitoshi kwa uzamivu

Kwa anayetaka kuingia uzamili wa uchumi huku shahada yake ya kwanza ni ya fani nyingine, programu ya mtandaoni ya MIT iitwayo Data, Economics, and Design of Policy, ya aina ya MicroMasters (mfululizo wa kozi za ngazi ya uzamili), ni miongoni mwa njia bora zilizopo. Unasoma kozi tano zenye mazoezi na mtihani wa mwisho unaosimamiwa mtandaoni. Ukifaulu zote unapewa cheti, na kwa cheti hicho unaweza kuomba uzamili wenyewe pale MIT. Kuomba si kupata, lakini alama zako zinasomwa kwa uzito unaostahili.

Kufuatilia masomo ni bure. Malipo huja ukitaka cheti, na ada hupangwa kwa kuangalia kipato chako, kwa hiyo wasilisha taarifa za kipato chako kabla ya kulipa. Kozi ya umaskini duniani inafundishwa na Esther Duflo na Abhijit Banerjee, waliopata Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer. Ni tamu mno, ila isikudanganye: hesabu yake ni nyepesi kuliko ile inayokungoja kwingine.

Kozi inayowachuja watu ni ya takwimu, yenye namba 14.310x. Wengi huingia wakidhani kazi ni kujifunza R, lugha ya kompyuta ya kuchambua data, tu, kumbe wiki za mwanzo ni nadharia ya uwezekano yenye integrali. Chukua mfano huu: msongamano wa uwezekano (density) wa pamoja wa X na Y ni 2 pale ambapo 0 < y < x < 1, nawe unatakiwa kutafuta msongamano wa X peke yake. Anayekimbilia kuintegreti y kuanzia 0 hadi 1 anapata 2, na jumla ya uwezekano inakuwa 2, jambo lisilowezekana. Mpaka wa juu wa y ni x, si 1, hivyo jibu ni 2x. Chora kwanza eneo hilo, ambalo hapa ni pembetatu, kila mara, ndipo uandike mipaka. Asiyezoea hivi ataelemewa mapema, na regresheni inayofuata baadaye, yaani mbinu ya kupima uhusiano kati ya vigeu, ataikariri bila kuielewa.

Kwa hiyo rudia kalkulasi kabla ya kujiandikisha: derivativu, integrali za vigeu viwili, na kutafuta thamani ya juu kabisa chini ya kikwazo (constrained optimization). Kozi ya maikroekonomia nayo inadai hivyo hivyo. Usibebe 14.310x pamoja na kozi nyingine nzito kama una ajira ya kutwa nzima. Mazoezi yana tarehe za mwisho, na ukichelewa mawili matatu alama zinaporomoka hata kama unaelewa somo.

Upungufu mkubwa uko kwa wanaolenga uzamivu. Kamati za udahili hutafuta kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya matriki na, kwa vyuo vigumu zaidi, uchambuzi halisi (real analysis), yaani nadharia ya kalkulasi yenye uthibitisho wa hatua kwa hatua. Programu hii haifundishi hayo kwa kina, na cheti chake hakiyafidii. Yasome chuoni, upate alama rasmi. Tena, darasa la mtandaoni halikupi mhadhiri anayekujua kiasi cha kukuandikia barua ya mapendekezo yenye nguvu. Hiyo huja kwa kufanya kazi ya usaidizi wa utafiti chini ya mchumi anayechapisha, nafasi ambayo R ya 14.310x inakusaidia sana kuipata.